Fosforasi Iliyomo Pumbani: Mhadhara juu ya Faitesi na Chakula cha Kuku wa Nyama

Kifaranga wa kuku wa nyama hutoka kwenye yai akiwa na gramu 40 hivi. Akilishwa vizuri, siku ya 35 ana kilo mbili. Uzito huo wote huikalia mifupa miwili ya muundi ambayo wiki tano kabla ilikuwa bado na gegedu nyingi. Ndiyo maana katika ufugaji huu mfupa huwahi kutoa habari ya chakula kibovu kabla mzani haujatoa.

Mfugaji wa Kibaha, Morogoro au Thika anayeingia bandani asubuhi ya siku ya 14 anaweza kuikuta habari hiyo sakafuni. Vifaranga kadhaa wamekalia vifundo na hawataki kusimama. Akiwaswaga wanakwenda hatua tatu nne wakiyumba, kisha wanaketi tena juu ya maranda. Akimshika mmoja na kuuminya mdomo wake, mdomo unapinda. Akimchinja, akautoa mfupa wa muundi na kuukunja kwa mikono miwili, hauvunjiki kwa mlio kama ipasavyo. Unajikunja kama mpira. Hayo ni matege ya kuku, na sababu zake zinajulikana: upungufu wa vitamini D3, upungufu wa kalsiamu, upungufu wa fosforasi, au uwiano mbaya kati ya madini hayo mawili.

Anapokwenda kwenye duka la dawa za mifugo, mara nyingi hurudi na vitamini ya kutia kwenye maji pamoja na ushauri wa kuongeza chokaa. Vitamini inaweza kusaidia. Chokaa, ikiwa kilichopungua ni fosforasi, itamwongezea msiba. Kuna bidhaa nyingine ambayo siku hizi hukaa kwenye rafu hizo hizo, kimeng'enya kiitwacho faitesi, nayo wengi huinunua bila kuambiwa kwamba chokaa ndiyo adui wake wa kwanza. Mhadhara huu unahusu uhasama huo.

Mambo yanaanzia shambani. Mbegu inapoanguka udongoni haina mizizi ya kutafutia madini, kwa hiyo mmea mama huifungia akiba. Akiba ya fosforasi huwekwa katika umbo la faiteti: pete ya kaboni sita iitwayo inositoli, na kila kaboni imebeba fosfeti yake. Karibu theluthi mbili ya fosforasi yote iliyomo katika mahindi, soya na mashudu ya alizeti iko hivyo. Katika mahindi sehemu kubwa ya akiba hiyo hukaa kwenye kiini. Katika mpunga na ngano hukaa kwenye tabaka la nje, lile ambalo mashine ya kukoboa hulitoa na kulifanya pumba. Hivyo pumba za mpunga zikipelekwa maabara huonyesha fosforasi nyingi ajabu, na bado kuku anayezitegemea anaweza kupinda miguu.

Mbegu ikilowa na kuanza kuchipua, huamsha kimeng'enya cha kuzikata fosfeti hizo moja baada ya nyingine ili mche uzitumie. Hicho ndicho faitesi. Wanaotengeneza togwa huitumia kazi hiyo tangu zamani: ulezi au mtama hulowekwa, huachwa uchipue, hukaushwa na kusagwa kuwa kimea, kisha hutiwa kwenye uji. Kimea huufanya uji uwe mwepesi na mtamu, na uji ukichachuka, faiteti yake hupungua na chuma na zinki zilizokuwa zimeshikwa huanza kupatikana.

Ng'ombe na mbuzi hawana shida hii, kwa kuwa vijidudu vya tumbo lao kubwa hutengeneza faitesi usiku na mchana. Kuku ana faitesi kidogo tu kwenye kuta za utumbo, na hiyo kidogo hulegea kalsiamu inapozidi. Chakula hupita mwilini mwake kwa saa chache, na sehemu kubwa ya faiteti hutoka kama ilivyoingia. Wala haitoki mikono mitupu. Molekuli ile ina chaji hasi nyingi. Huvuta zinki, chuma, manganizi na kalsiamu, na kwenye asidi ya tumbo hushikamana na protini, pepsini ikashindwa kuikata sawasawa. Mfugaji aliyenunua soya kwa bei ya kuumiza hupoteza pia sehemu ya soya hiyo kwenye maranda.

Elimu ya kimeng'enya hiki ni ya siku nyingi. Mwaka 1907 Umetaro Suzuki na wenzake wa Japani waliripoti kwamba ndani ya pumba za mpunga mna kimeng'enya kinachoivunja faiteti. Suzuki ndiye yule yule ambaye miaka michache baadaye, katika pumba hizo hizo, alikitoa kirutubisho kinachojulikana leo kama vitamini B1. Zaidi ya nusu karne ilipita. Mwaka 1968 na 1971 T. S. Nelson na wenzake nchini Marekani walichapisha majaribio ya kuwapa vifaranga faitesi iliyotolewa kwenye ukungu wa jamii ya Aspergillus, na mifupa ya vifaranga ikapata madini zaidi. Jambo lilithibitika, lakini gharama ya kukizalisha kimeng'enya chenyewe ilikuwa haibebeki, na fosfeti ya kuchimbwa ilikuwa rahisi. Utafiti ukawekwa kabatini.

Aliyeutoa kabatini ni mkulima wa Uholanzi, tena kwa kulazimishwa. Nchi ile ndogo ilikuwa imejaza nguruwe na kuku kwa chakula kilichotoka ng'ambo kwa meli, na samadi yao haikuwa na pa kwenda. Kuanzia 1987 sheria iliweka kikomo cha samadi ambacho kila hekta ingepokea, na kipimo kilichotumika kilikuwa fosfeti. Mfugaji akawa na sababu ya kuitaka fosforasi ipungue kwenye kinyesi. Mwaka 1990 P. C. M. Simons na wenzake walieleza katika jarida la British Journal of Nutrition kwamba faitesi ya ukungu ikichanganywa kwenye chakula chenye fosforasi ndogo, kuku wa nyama walitumia zaidi ya asilimia 60 ya fosforasi waliyokula, na iliyotoka kwenye kinyesi ikapungua kwa nusu. Mwaka uliofuata bidhaa ya kwanza, Natuphos, iliingia sokoni. Vinasaba vya ukungu wa Aspergillus niger vilikuwa vimeboreshwa ili uzalishe kimeng'enya kwa wingi, na bei ikashuka. Baadaye zikaja faitesi za bakteria, kama ile ya E. koli, ambazo huifanya kazi vizuri zaidi ndani ya asidi na hazikatwi haraka na pepsini. Marufuku ya Ulaya ya mwaka 2001 dhidi ya kulisha mifugo unga wa nyama na mifupa, kwa hofu ya kichaa cha ng'ombe, iliondoa chanzo kingine cha fosforasi na kuipa faitesi soko kubwa zaidi.

Sasa hesabu, maana bila hesabu mengine yote ni hadithi. Kilo moja ya mahindi ina gramu 2.6 hivi za fosforasi, na kilo ya mashudu ya soya gramu 6.5 hivi. Tani moja ya chakula cha kuanzia yenye kilo 600 za mahindi na kilo 350 za soya tayari ina takriban kilo 3.8 za fosforasi. Jedwali la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, toleo la 1994 ambalo wachanganyaji wengi bado hulitumia, linataka tani ya chakula cha wiki tatu za mwanzo iwe na kilo 4.5 za fosforasi isiyo ya faiteti. Katika zile kilo 3.8, iliyo huru ni kilo 1.3 hivi. Pengo la kilo 3.2 huzibwa kwa unga wa mifupa, dagaa, au DCP, yaani dikalsiamu fosfeti, ambayo ina asilimia 18 hivi ya fosforasi. Zinahitajika karibu kilo 18 za DCP kwa tani. Wakati huo huo kilo 2.5 za fosforasi iliyokwisha kulipiwa, ile ya ndani ya mahindi na soya, zinapita tu.

Vyanzo vya kuzibia pengo vina matatizo yake. Dagaa wa Ziwa Viktoria ni chakula cha watu kwanza, na mfugaji huwania gunia moja na mama mwenye watoto. Tena dagaa wa kulishia kuku mara nyingi huja na mchanga. Mifupa isiyochemshwa na kuchomwa vya kutosha inaweza kubeba salmonela, na hata kimeta. DCP kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka nje, na bei yake hufuata bei ya mwamba wa fosfeti duniani, ambao akiba yake kubwa kuliko zote iko Moroko na Sahara Magharibi. Mwaka 2008 tani ya mwamba huo ilipanda hadi zaidi ya dola 400, wakati mwanzoni mwa mwaka uliotangulia ilikuwa chini ya dola 50. Tanzania ina fosfeti yake Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, nayo imesaidia mashamba mengi. Lakini mwamba wa fosfeti huja na floridi, na bila kuondolewa floridi hiyo haufai kulishwa kuku. Kanuni ya kawaida ni kwamba fosforasi iwe angalau mara mia ya floridi.

Hapo ndipo faitesi inapoingia. Nguvu yake hupimwa kwa FTU: kiasi cha kimeng'enya kinachotoa mikromoli moja ya fosfeti kwa dakika, katika pH 5.5 na nyuzi joto 37. Dozi ya kawaida ni FTU 500 kwa kila kilo ya chakula. Bidhaa yenye FTU 5,000 kwa gramu huhitaji gramu 100 tu kwa tani nzima. Kiasi hicho, kwa makadirio ya kawaida, huachia gramu 1.2 hivi za fosforasi kwa kila kilo ya chakula, na hivyo mchanganyaji anaweza kuondoa kilo sita hadi saba za DCP katika zile 18.

Neno zito hapo ni kuondoa. Mtu akiongeza faitesi juu ya fomula ile ile, DCP ikabaki vile vile, kuku wake wataonyesha tofauti ndogo sana, kwa kuwa fosforasi ilikwisha kutosha. Atasema dawa haifanyi kazi. Faitesi haitibu ugonjwa. Ni kiungo cha fomula, na faida yake huonekana kwenye gharama ya gunia. Wapo pia wanaoiondoa DCP huku wakiwa wamenunua konsentreti au premiksi ambayo tayari ina faitesi na tayari fosforasi yake imepunguzwa. Hao wanapunguza mara mbili, na mwisho wake ni banda la vifaranga waliokalia vifundo. Lebo ya mfuko isomwe kwanza.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni la chokaa. Ukiondoa kilo sita na nusu za DCP, umeondoa pia karibu kilo moja na nusu ya kalsiamu iliyokuwa ndani yake. Mwenye fomula huona kalsiamu imeshuka na kulijaza pengo kwa kilo nne za chokaa, ambayo ni bei rahisi na huongeza uzito wa gunia. Kwa tendo hilo moja anaharibu alichokinunua.

Kuna mambo mawili yanayotokea ndani ya kuku. Faitesi hufanya kazi yake kubwa katika mfuko wa chakula ulio shingoni, katika tumbo la asidi na katika firigisi, ambako pH huwa ya chini na faiteti imeyeyuka. Chokaa iliyosagwa laini huyeyuka upesi, hula asidi hiyo na kuipandisha pH. Kisha chakula kinaposhuka kwenye utumbo mwembamba, ambako asidi imepungua, kalsiamu iliyozidi huifunga faiteti na kuigandisha, na kimeng'enya hakiwezi tena kuifikia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2004. Kuku wa nyama waliokula chakula cha mahindi na soya kisichotiwa chokaa, wala kimeng'enya chochote, waliivunja faiteti kwa karibu asilimia 69 kabla haijafika mwisho wa utumbo mwembamba. Chokaa ilipoongezwa kiasi cha kuleta asilimia 0.5 ya kalsiamu, kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 25 hivi. Matokeo hayo yanastahili kubandikwa ukutani katika kila chumba cha kuchanganyia chakula. Kuku aliyedhaniwa hawezi kabisa kumbe alikuwa akizuiwa kwa sehemu na mwenye kumlisha. Hii haina maana kwamba kuku aishi bila chokaa. Bila kalsiamu mfupa hauundwi. Maana yake ni kwamba kalsiamu ipimwe, isikisiwe kwa koleo, na faitesi ikitumika ihesabiwe pamoja na kalsiamu ambayo nayo hufunguliwa kutoka kwenye faiteti. Chokaa ya chengachenga ni bora kuliko ile laini, kwa kuwa huyeyuka taratibu.

Kuhusu joto, wachanganyaji wadogo wana bahati ambayo hawaijui. Viwanda vya chakula cha vidonge hupitisha mchanganyiko kwenye mvuke wa nyuzi 80 hadi 90, na faitesi isiyo na kinga huharibika hapo; viwanda hulazimika kununua iliyofunikwa, au kuinyunyiza ya maji baada ya vidonge kupoa. Chakula cha unga kinachochanganywa mtaani hakipiti kwenye moto wowote. Hatari yake ni nyingine: gramu 100 ndani ya kilo 1,000. Zikimwagwa moja kwa moja kwenye mashine, gunia moja litapata nyingi na jingine litakosa. Inafaa zichanganywe kwanza na kilo moja ya unga wa mahindi, kisha na kilo kumi, ndipo ziingie kwenye tani. Na mfuko uliofunguliwa usikae chini ya bati la Dar es Salaam mwezi wa Februari. Joto na unyevu hukipunguza nguvu kimeng'enya, hasa kikiwa kimechanganywa na kolini kloridi, ambayo huvuta maji.

Maryland imetajwa kwa sababu ya utafiti, lakini ina sababu nyingine ya kukumbukwa. Rasi ya Delmarva, kati ya Ghuba ya Chesapeake na bahari ya Atlantiki, ni moja ya sehemu zenye kuku wengi wa nyama Marekani, na mbolea yao ilikuwa ikimwagwa miaka nenda rudi kwenye mashamba yale yale. Kiangazi cha 1997 samaki wenye vidonda walionekana katika Mto Pocomoke, wengi wakafa, na baadhi ya watu waliokuwa majini wakaugua. Walioshukiwa ni viumbe wadogo wa majini waitwao Pfiesteria, na wanasayansi wamebishana sana baadaye juu ya kiasi cha lawama wanachostahili. Gavana Parris Glendening aliufunga mto. Mwaka 1998 Maryland ilipitisha sheria ya ubora wa maji iliyotaka, pamoja na mambo mengine, chakula cha kuku kiwe na faitesi kufikia mwisho wa mwaka 2000. Jimbo zima likaweka kimeng'enya cha firigisi katika sheria zake.

Je, Afrika Mashariki iige sheria hiyo? Hoja hapa ni tofauti, na si haki kuwatisha wafugaji kwa hofu ya kuazima. Ziwa Viktoria limerutubika kupita kiasi na gugu maji lilienea kwa kishindo katika miaka ya 1990, lakini fosforasi ya ziwa lile huja zaidi na mmomonyoko wa udongo, moshi na vumbi la angani, na maji machafu ya miji. Mabanda ya kuku si mshitakiwa mkuu. Zaidi ya hayo, udongo mwekundu wenye asidi wa magharibi mwa Kenya una njaa ya fosforasi, na mkulima wa kule anayenunua mbolea ya kuku kwa ajili ya sukuma wiki hununua kwa sehemu ile ile faiteti iliyompita kuku, ambayo vijidudu vya udongo huivunja polepole. Huko haipotei. Inapokusanyika pabaya ni pembezoni mwa miji mikubwa, ambako mabanda yamesongamana, mashamba hakuna, na mbolea hutupwa kando ya mifereji. Kwa hiyo sababu ya kwanza ya faitesi kwetu ni mfuko wa mfugaji. Mifereji ni sababu ya pili, na inakua kadiri miji inavyokua.

Dozi kubwa ya FTU 1,500 au zaidi nayo inauzwa, kwa ahadi ya kuivunja faiteti karibu yote na kuokoa protini pamoja na nguvu. Majaribio mengi yameonyesha faida. Kwa anayechanganya tani mbili kwa mwezi na bado anapima chokaa kwa koleo, pesa hiyo ingefaa kwanza inunue mzani mzuri.

Mfugaji asiyeamini anaweza kujipimia mwenyewe. Agawe vifaranga wa tundu moja, wa siku moja, kwa ukuta wa mabanzi katikati ya banda. Upande mmoja wale fomula yake ya zamani. Upande wa pili wale fomula yenye faitesi, DCP pungufu kwa kilo sita kwa tani, na chokaa isiyoongezwa hata kilo moja. Siku ya 21 apime uzito wa kila upande na chakula kilicholiwa, kisha achinje watano watano na kutoa mifupa ya muundi. Uzito ukilingana na mifupa ikivunjika kwa mlio pande zote mbili, bei ya kilo sita za DCP, ukitoa bei ya gramu 100 za faitesi, ni faida yake kwa kila tani. Mifupa ya upande wa pili ikiwa laini, asikimbilie kukilaumu kimeng'enya: aangalie tarehe kwenye mfuko, aulize ulikaa wapi na muda gani, halafu apeleke chokaa yake na chakula chake maabara kupimwa kalsiamu.